Mstari wa Sita

Kipande cha ngozi ya nguruwe kilikuwa kimetandazwa juu ya meza ya chuma, kimebanwa pembe zote nne na kunyolewa vizuri kuliko kidevu cha bwana harusi. Juu yake palikuwa na mistari kumi ya nukta za hudhurungi, nukta kumi kila mstari, zote za ukubwa mmoja. Hilo lilikuwa jaribio la tatu asubuhi ile; Bi Hadubini alizipima, akaandika namba zilezile kwa mara ya tatu, kisha akashika tama.

Kifaa kilikuwa kizima. Habari hiyo ilipaswa kumfurahisha, maana sahihi iliyokiruhusu kuingia kwenye saluni ilikuwa yake. Lakini kama kifaa ni kizima, basi aliyeiunguza kope ya mteja ni dada yake wa tumbo moja, na kikao cha kumfutia dada huyo leseni kilikuwa saa nane mchana.

Jina la Bi Hadubini alipewa na wenzake wa maabara. Walisema akikukazia macho kwa dakika mbili unaanza kukiri makosa ya utotoni. Hakulichukia jina hilo. Kusema kweli alilipenda, ingawa hakumwambia mtu. Alikuwa mwanamke wa kupanga penseli kwa urefu, wa kurudia kipimo hata kilipotoka sawa, na mchinjaji aliyemuuzia ngozi kila wiki aliamini kabisa kwamba mama huyu ana mgahawa mahali fulani na anamnyima mwaliko.

Kifaa chenyewe kiliitwa kalamu ya plazma, na kweli kilifanana na kalamu nene yenye mkia wa waya. Ncha yake haigusi ngozi. Ikisogezwa karibu kabisa, unene wa ukucha tu ukibaki, hewa ya katikati hupasuka na kutoa cheche ndogo ya zambarau, na cheche hiyo hukausha nukta moja ya ngozi. Nukta zikipona, ngozi hujivuta. Kope zilizolegea hunyanyuka, na mtu wa miaka hamsini, baada ya kujificha ndani wiki nzima, hutoka nje akidai ana arobaini. Hayo yalikuwa maneno ya wauzaji. Kazi ya Bi Hadubini ilikuwa kuhakikisha nukta haizidi nusu milimita, kwa sababu kope ni ngozi nyembamba kuliko zote mwilini na chini yake kuna jicho la mtu.

Miezi mitano iliyopita alikipima, akakipitisha. Saluni arobaini na tatu zikakinunua. Dada yake alikuwa miongoni mwa wa kwanza, akatundika ukutani nakala ya cheti, na kila mteja aliyesita alioneshwa pale chini penye sahihi. "Huyo ni mdogo wangu," alisema. "Yeye hata chumvi anaipima."

Wateja wengi walitaka kuondoa vidutu viwili vitatu vya ngozi shingoni, basi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ndiye aliyetaka kope zote mbili kwa siku moja, kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kutosha kazini. Kope ya kulia ilipona ikapendeza. Ya kushoto, iliyofuata, iliungua, na kovu lake likaivuta juu hata jicho likawa halifungi. Kwenye barua ya malalamiko mhudumu alielezwa kwa neno moja: alichoka.

Bi Hadubini aliandika kuomba kujitoa kwenye uchunguzi, kwa sababu ya udugu. Barua yake ilirudi na neno moja la wino mwekundu: "Endelea." Maabara nzima hapakuwa na mwingine aliyewahi kuishika kalamu ile. Naye, kwa kuogopa kuonekana anapendelea, akaegemea upande wa pili. Wiki mbili kabla ya kikao alimfuata dada yake nyumbani, akasimama mlangoni mwa jiko na kusema kile alichokuwa amekipanga njiani. "Miaka nayo inakwenda, dada. Mkono umekuwa mzito. Kubali tu, uombe radhi, mambo yaishe." Dada yake aliendelea kusuuza kikombe kilekile, akakisuuza tena, mpaka mgeni alipojiona hana la kungoja.

"Bado jaribio moja," Fundi alisema sasa, akichungulia mlangoni. Fundi alikuwa bwana mnene wa mitambo ya maabara, aliyebakiza miaka miwili astaafu na aliyeihesabu kwa sauti. "Utaratibu unasema mwenye kifaa akitumie mbele ya mpimaji, mara moja. Dada yako yuko mapokezi tangu saa mbili."

"Mlete," alisema Bi Hadubini.

Dada aliingia amevaa koti lake la kazi, limepigwa pasi hadi kola. Alikuwa amemzidi mdogo wake miaka kumi na moja, na ishirini na miwili ya maisha yake ameitumia akiinama juu ya nyuso za watu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," alijibu, akiwa anaitazama meza. Kisha akamgeukia Fundi kwa sauti nyingine kabisa. "Za kazi, kaka? Nifanye kama ninavyofanya kwa mteja, au kama mnavyotaka nyinyi?"

"Kama kwa mteja," alisema Bi Hadubini.

Dada alivuta kiti, akaegemeza kiwiko, akanyoosha ngozi kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto. "Haya, mama, usikaze uso," aliiambia ile ngozi ya nguruwe. "Vuta pumzi polepole." Mazoea ni mazoea. Fundi aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi.

Mstari wa kwanza ulikwenda. Harufu ya nywele zilizoungua ikapanda. Bi Hadubini alikuwa amesimama nyuma ya bega la dada yake, jicho moja kwenye kioo cha kompyuta ambako kila nukta ilijitokeza na kipimo chake: sifuri nukta tatu, sifuri nukta tatu, sifuri nukta tatu. Mstari ulipokwisha, bila hata kufikiri, mkono wake ulinyooka mbele ukiwa na kipande cha pamba kilicholowa spiriti.

Dada alikitazama. "Ya nini?"

"Ya kufuta ncha."

"Katikati ya kazi?" Dada alishangaa kweli. "Nikiinua mkono, kope inalegea, mteja anafungua jicho, kila kitu kinaharibika. Nafuta nikimaliza. Kitabu cha maelekezo kinasema baada ya kila mteja. Au nimesoma vibaya?"

Hakuwa amesoma vibaya. Bi Hadubini alibaki na pamba mkononi, spiriti ikimpoza vidole. Kila mstari, katika majaribio yote matatu ya asubuhi, aliusimamisha mkono wa chuma unaoshika kalamu na kuifuta ncha. Miezi mitano iliyopita alifanya vivyo hivyo. Hakuna aliyemwagiza. Hakuweza tu kupima kitu kichafu; aliona ni kama kumpima mtu uzito akiwa na viatu. Akaurudisha mkono nyuma taratibu.

"Endelea," alisema.

Mstari wa pili, wa tatu. Sifuri nukta tatu. Mstari wa nne ulipoanza, ncha ilikuwa imeota masizi, kidogo tu, kama utambi. Mstari wa tano ukatoa sifuri nukta nne. Kope moja ni mistari mitano. Hapo ndipo dada yake angekuwa amemaliza jicho la kulia na kuhamia la kushoto.

Nukta ya kwanza ya mstari wa sita ilikuwa sifuri nukta saba. Ya pili, sifuri nukta nane. Cheche haikuwa tena uzi mmoja. Ilitapakaa pembezoni mwa masizi na kutua kwa upana, ikila ngozi pande zote. Mstari wa saba ulivuka milimita moja. Bi Hadubini akaacha kutazama kioo, akautazama mkono wa dada yake kwa muda mrefu, kwa namna ile iliyompatia jina. Mkono ulikuwa umetulia tuli. Haukuwa mzito, haukuwa umechoka, na wala haukujua ulichokuwa ukibebeshwa.

Dada, aliyekipa kioo kisogo, alimaliza mstari wa kumi, akaifuta ncha kwa uangalifu na kusimama. "Mkono mzito umemaliza kazi," alisema. "Nikangoje wapi?"

Mlango ulipofungwa, Fundi alikitazama kioo, kisha dirisha, kisha viatu vyake. Bi Hadubini alibandika ngozi mpya, akaifunga kalamu kwenye mkono wa chuma usiojua kuchoka, akaiacha ipige mistari kumi mfululizo bila kuigusa. Mikono yake aliishikilia nyuma ya mgongo, kwa sababu kila mstari ulipokwisha vidole vilitaka kuifuata pamba. Mstari wa sita ukafanya yaleyale.

Aliketi. Aliwahi kukosea katika maisha yake, nani hajakosea, lakini alikuwa na imani moja aliyoishi nayo bila kuichunguza: kwamba makosa huingia pale mtu anapozembea. Yeye hakuzembea. Alikosea kwa kuzidisha usafi. Alikifuta kile kifaa mpaka akafuta na ubaya wake, akapima kitu ambacho hakipo kwenye saluni yoyote duniani, akakitia sahihi. Kisha akamwendea mtu aliyemlea akamwambia mkono umekuwa mzito. Aibu ilimpanda, akatamani ardhi ipasuke.

Mkuu wa maabara alifika saa sita na nusu, mkononi ana karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Fundi alikuwa amempitishia habari, au habari zilijipitisha zenyewe, maana jengo lile lilikuwa na kuta nyembamba. Alifunga mlango kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. Kwa miaka kumi amekuwa akigombea kila taa na kila kiti cha maabara ile kana kwamba ni ya baba yake.

"Ukurasa wa thelathini na sita wa kitabu," alisema. "'Ncha iwe safi wakati wote.' Wakati wote, Bi Hadubini. Sasa niambie, mhudumu aliifuta wakati wote?"

"Ukurasa wa kumi na mbili unasema baada ya kila mteja."

"Najua unasemaje. Nakuuliza huu wa thelathini na sita." Aliiweka karatasi mezani. "Tunaandika kwamba mtumiaji hakuzingatia usafi wa ncha. Jumatatu tunatuma barua saluni zote: futeni kila baada ya mstari mmoja. Hakuna atakayeungua tena. Cheti kinabaki, maabara inabaki, wewe unabaki."

"Na dada yangu?"

Mkuu alivua miwani. "Dada yako ni mtu mmoja tu. Wewe hapa ukisema ulipima vibaya, kesho watauliza na vingine mia mbili ulivyopima. Mashine za hospitali, Bi Hadubini. Watu wataacha kuviamini hata vile tulivyovipima sawasawa. Mimi sikwambii udanganye. Kila neno lililo hapo ni la kweli."

Hilo ndilo lililomtisha. Kila neno lilikuwa la kweli. Aliisoma karatasi mara mbili akitafuta uongo wa kushikia na hakuupata. Angeweza kusaini na kwenda nyumbani akiwa mtu yuleyule, na penseli zake zimepangwa kwa urefu. Kazi ilikuwa kila kitu alichokuwa nacho. Hakuolewa, hakuzaa, na kumwaga unga katika umri ule kulimaanisha kuanza kujifunza kuwa mtu mwingine. Aliogopa. Aliogopa kama mtoto, na hakuona haya kujiambia hivyo.

"Nipe nusu saa," alisema.

"Unayo saa moja na nusu," alijibu Mkuu, akatoka.

Fundi, aliyekuwa akijifanya anakaza skrubu iliyokaza zamani, aliinua kichwa. "Mimi nimeuona ule mstari wa sita," alisema. "Nikiulizwa nitasema. Lakini sisi mafundi hatuulizwi, mama. Unajua hivyo."

Bi Hadubini alichapisha picha ya ngozi ile, mistari kumi, na vipimo vyake pembeni. Alichapisha na ya asubuhi, nzuri, safi, akaziweka mbili pamoja. Kisha akatoka nazo ukumbini.

Dada alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya tangazo la vizima moto, mkoba juu ya magoti. Bi Hadubini akakaa kando yake, wakatazama ukuta uleule.

"Dada, mkono wako haukutetemeka."

"Najua."

"Ni kifaa. Ncha ikishika masizi, cheche inatapakaa. Mimi nilikuwa naifuta kila mstari, ndiyo maana sikuona." "Ni kifaa, na ni mimi."

Dada hakugeuka. Mkono wake ulikuwa ukifungua na kufunga kifungo cha mkoba. "Hilo utalisema mle ndani," aliuliza, "au unaninong'oneza tu?"

Swali lilimkata. Alijua alistahili, na kujua huko hakukupunguza maumivu.

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu, watu watano na jagi la maji lisilo na glasi za kutosha. Mwalimu alikuwa ameketi mwisho, miwani myeusi usoni. Mwenyekiti alipouliza mhudumu alikosea wapi, Mkuu aliinama kutafuta kitu kwenye faili, na Bi Hadubini akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka nyembamba mno.

"Hakukosea. Aliyekosea ni mpimaji. Mpimaji ni mimi."

Aliziweka zile picha mbili mezani. Alieleza pamba, spiriti, mstari wa tano na wa sita, jicho la kulia na la kushoto. Akasoma ukurasa wa kumi na mbili, na kwa kuwa alikuwa vile alivyo, akasoma na wa thelathini na sita. Mkuu hakuinua kichwa. Mwenyekiti aliomba cheti chake cha upimaji akitazame, akakitazama, kisha akakiweka upande wake wa meza na hakukirudisha. Kesi ya leseni, alisema, imeahirishwa. Haina tena mshtakiwa.

Mwalimu alivua miwani. Jicho la kushoto lilikuwa wazi, jekundu, lina machozi ambayo hayakuwa ya kulia.

"Usiku nalifunga kwa kitambaa," alisema. "Mume wangu ananitania kwamba namchunga." Hakuna aliyecheka, na yeye hakungoja wacheke. "Nimekusikia, mama, na nimekuelewa vizuri. Nina swali moja. Sasa kwa kuwa mnajua, litafunga?"

Bi Hadubini alifungua mdomo. Kwa miaka yote amesimama katika chumba kile na kutoa namba.

"Sijui," alisema.

Mwalimu alitikisa kichwa polepole, akavaa miwani yake. Dada alinyanyuka akaenda kukaa karibu naye. Mwalimu hakukisogeza kiti chake.

Saa tisa na dakika kumi wawili hao walikuwa tena maabara, dada na mdogo wake. Mkuu alisimama mlangoni na uso wa mtu aliyefiwa. "Barua zitatoka Jumatatu," alisema.

"Jumatatu?" Dada alimgeukia. "Baba, leo ni Ijumaa. Unajua Ijumaa saluni inakuwaje? Na kesho?" Hakungoja jibu. Alimnyooshea mdogo wake mkono. "Orodha ya saluni. Nipe nusu."

Bi Hadubini aliichana orodha katikati, bila rula, ikachanika kombo. Wakaketi pande mbili za meza ya chuma, kila mmoja na simu yake. Wa kwanza wa Bi Hadubini hakupokea. Wa pili alikuwa amefunga, amesafiri. Kwa upande wa pili wa meza alimsikia dada yake akiamkia, akijitambulisha, akieleza kwa lugha ya wenye kazi yao, haraka, bila namba hata moja.

Wa tatu alipokea baada ya mlio wa saba. Ilikuwa sauti ya msichana mchangamfu, muziki ukipiga nyuma yake.

"Naomba uache kutumia kalamu ya plazma," alisema Bi Hadubini. "Sasa hivi, tafadhali. Napiga kutoka maabara."

"Haya, mama, nitaacha," ile sauti ilijibu kwa adabu, kama mtu anayemwambia mgeni asubiri kidogo. "Nina mteja kitandani. Nimebakiza jicho moja tu."